Gari la Baba na Mashine ya Kupima Moshi

Jumatatu, 3 Machi

Gari limefeli kipimo cha moshi. Lililofeli ni gari, si mimi. Nimelazimika kumweleza mke wangu hilo mara mbili. Mkaguzi aliingiza mrija wake kwenye ekzosi, akasoma mashine, akarudi nyuma hatua tatu, akasoma tena. Akasema injini haiunguzi mafuta vizuri. Akauliza kama gari hutetemeka namna ile kila likisimama. Nikamjibu ni baridi. Alikuwa anajifuta jasho.

Cheti kinatakiwa kabla ya Jumamosi. Nafasi ni tatu, moja imekwenda. Ukifeli ya tatu wanang'oa namba, na mke wangu ameshasema ikifika hapo gari anapewa kaka yake. Shemeji ana gari kama langu, aina ile ile, rangi ile ile. Analitaka langu ili alifanye vipuri. Gari aliloniachia marehemu baba! Nililojifunzia kuendesha miguu ikiwa haifiki chini! Jioni shemeji alipita, ati kusalimia tu, akalizunguka kama mchinjaji anayekagua mbuzi. Akagonga mlango mara mbili. Nina uchungu.

Jumanne, 4 Machi

Nimeamua kulitibu mwenyewe. Fundi wa nini? Macho ninayo, spana ninazo. Nilifungua plagi zote nne, nikazisugua kwa msasa mpaka zikang'aa. Nyaya nilizirudisha kwa kumbukumbu. Kumbukumbu yangu ni nzuri sana, ila si kwa nyaya. Nilipowasha, gari lilipiga mshindo mmoja, na jirani yetu mstaafu akalala kifudifudi kwenye maua yake, ndoo mkononi. Nilimwambia ni sehemu ya vipimo. Akasema angependa kujulishwa kabla.

Saa tatu nzima nikipanga na kupangua. Mpangilio wa nane ndio uliokuwa sahihi. Sasa gari linatetemeka kama jana, jambo ninalolihesabu kuwa maendeleo.

Jumatano, 5 Machi

Mke wangu amemwita fundi bila kuniambia. Nyumbani kwangu! Fundi alisikiliza injini mkono kiunoni, hakugusa kitu. Akasema inavuta hewa pasipotakiwa. Kuna mpira umepasuka, bosi, ubadilishwe tu, kazi ya dakika kumi. Nilimshukuru na kumsindikiza hadi barabarani, kwa haraka.

Mpira niliuona mwenyewe. Kitu kidogo, urefu wa kidole, ufa upande wa chini. Nibadilishe? Baba aliwahi kuziba tangi la petroli lililotoboka kwa kipande cha sabuni ya kufulia, tukasafiri siku mbili bila tone kudondoka. Nikaikanda sabuni, nikaziba ufa. Injini ikatulia tuli! Nikamwita mke wangu. Nikamwita jirani. Nilikuwa katikati ya maelezo injini ilipoimeza sabuni. Kumbe tangi huvujisha nje, mpira ule hufyonza ndani. Nani angejua? Ukatoka moshi mweupe unaonukia siku ya kufua. Mke wangu aliuliza tu ni sabuni ipi. Ilikuwa ya mwisho.

Alhamisi, 6 Machi

Akili ni mali. Nilimwomba shemeji gari lake nikalioshe, kama shukrani kwa kutujulia hali. Aliguswa. Nyuma ya ghala nikazifungua namba zake, nikafunga zangu, nikaelekea kwa mkaguzi nikipiga mluzi.

Likafeli. Tena vibaya kuliko langu! Mkaguzi alisema mwenye gari hili angeona aibu. Nilikubaliana naye kabisa. Ila kwenye fomu aliandika namba zangu. Nafasi ya pili hiyo, imekwenda. Na sasa ninajua kwa hakika kwamba gari la shemeji ni bovu kuliko langu, na siwezi kumwambia mtu yeyote. Sijawahi kuteseka hivi.

Ijumaa, 7 Machi

Siku za mwizi ni arobaini. Zangu zilikuwa moja. Shemeji alikuja asubuhi kuuliza, kwa upole mbaya, kwa nini gari lake lina namba yake mbele na yangu nyuma. Nilipolirudisha jana, ya nyuma niliisahau. Nilikuwa na mawazo. Nikaanza kusema wezi wa siku hizi hawana haya. Mke wangu akaniambia ninyamaze. Shemeji akasema basi, kamba ya kuvutia gari ailete lini? Kisha akasema kumbe anayo kwenye buti.

Mke wangu akaninyooshea kiganja. Anataka funguo. Nikamwambia hili ni gari la baba. Akasema ndiyo maana. Nilitokwa machozi kidogo, nikasingizia petroli.

Fundi akaja. Mpira mpya: dakika kumi. Kusafisha sabuni: nusu saa, ingawa asingekuwa anacheka ingekuwa robo. Wakaenda kupima yeye na mke wangu, bila mimi. Nilikaa kizingitini na shemeji, kamba mapajani mwake. Kila gari lililopita nilidhani ndilo. Lilipokuja lenyewe hatukulisikia, tuliliona tu limeshasimama, limetulia, mke wangu kwenye usukani na cheti kiooni. Nilifurahi hadi nikamkumbatia shemeji. Sote wawili tunajuta.

Jumapili, 9 Machi

Gari halitetemeki tena. Mke wangu anasema limepona. Mimi nina wasiwasi. Gari lililotetemeka miaka miwili haliwezi kutulia ghafla namna hii. Lazima kuna mahali fundi amekaza kupita kiasi. Nimemweleza mke wangu hivyo, kwa hoja. Akasema nisilisogelee, akatia funguo mkobani, mkoba chini ya mto, akalala usingizi wa mchana. Maskini, wiki hii imemchosha.

Nimesikiliza mlangoni. Anakoroma. Boneti ya gari hili haijawahi kuhitaji funguo.