Nambari ya Shangazi Samruai

Wirot hakuwa na mti hata mmoja wa doriani, lakini msimu ule mkoa mzima wa Chanthaburi hakuna aliyemshinda kwa kuuza. Aliuza stika. Kila doriani inayovuka mpaka hubandikwa nambari ya shamba ilikotoka, ili ikifika mbichi ijulikane nani wa kukamatwa shati. Sasa wapo walafi waliochuma mapema wawahi bei, na nambari za kwao hawathubutu kuzibandika. Wirot akawachapishia ya Shangazi Samruai, mjane mwenye miti arobaini, asiyewahi kuuza tunda bichi tangu azaliwe.

Biashara ikanoga. Akaona sasa aihalalishe. Akavaa shati jeupe, akanunua doriani sokoni iwe zawadi, akaenda.

Alimkuta shangazi ameshika barua. Lori moja limekamatwa na mabichi yenye nambari yake. Likikamatwa la pili, shamba linafungiwa. Miti ile aliipanda na marehemu mumewe.

"Shikamoo shangazi. Nimekuletea kizawadi."

"Marahaba." Na kama mtu yeyote wa kule, kabla ya kushukuru akachukua kijiti akaligonga tunda. Doriani iliyoiva huitika kwa ndani. Hii ililia kavu, kama kuni. Akaigeuza, akaiona stika. Nambari ilikuwa yake.

Wirot hakuona kitu. Alishaanza hotuba. "Shangazi, nikodishe nambari yako. Wewe pumzika, mie nihangaike."

"Ya kukodisha ya nini, mwanangu? Ichukue moja kwa moja. Macho yangu yamechoka kusoma barua. Ila twende ofisi ya nambari tukaandikishane."

"Shangazi, una roho nzuri wewe."

"Ndivyo wasemavyo."

Ofisini shangazi akaomba nambari mpya kwa miti yake. Karani akamgeukia Wirot. "Hii ya zamani unaichukua na mzigo wote uliokwisha kutoka nayo?"

"Wote," akajibu Wirot, kidevu juu.

"Mzigo ukikataliwa, urudishwe wapi?"

Wirot akataja chumba chake cha kupanga, nyuma ya soko. Akatia saini kurasa nne bila kusoma hata moja. Msomi yule.

Siku ya sita malori matatu yalisimama mlangoni kwake. Madereva walitaka nafasi ya kushusha, mwenye nyumba alitaka maelezo, na bwana mmoja wa ukaguzi, mwenye faili, alimtaka Wirot mwenyewe. Wale walafi simu zao zilikuwa hazipatikani. Ikabidi amtume mtu kwa shangazi.

Shangazi akaja na kijiti chake. Hakuwa na haraka. Akagonga tunda la kwanza, akagonga la pili, akapanda lorini akagonga mengine kama kumi hivi, huku Wirot anamfuata nyuma kama mgonjwa anayemsubiri daktari aseme.

"Shangazi, sema neno basi. Wewe wanakusikiliza."

Shangazi akamgeukia yule bwana mwenye faili.

"Mabichi yote," akasema. "Na nambari ni ya kwake."