Meza Laini Kuliko Zote

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamka na hofu. Sijui ya nini, lakini ipo. Nitaitafutia kazi.

Shemeji, mdogo wake mke wangu, amenifungua macho. Kumbe muda wote huu nimekuwa nikiliwa kwenye poka ya mtandaoni si kwa sababu sijui karata. Ni kwa sababu nilikuwa nakaa popote palipo na kiti, kama mtu aliyefika harusini amechelewa. Shemeji anasema mchezo hauko kwenye karata, uko kwenye kuchagua meza. Unachungulia kwanza. Ukiona watu wakimya wanaotupa karata zao kila mara wakingoja nzuri, kimbia, hao ni mamba. Tafuta wenye kelele, wanaotia dau hata wakiwa na takataka mkononi. Hapo kaa, kula. Nikamuuliza mbona yeye mwenyewe bado anakula kwangu. Akasema shem, tusichanganye mada.

Kazini nikajibanza stoo, nyuma ya marobota ya sponji. Mimi ni mtunza stoo wa karakana ya makochi. Natoa vitambaa, gundi, misumari. Hata jina langu wamelisahau, wananiita Stoo. Nikawa nachungulia meza moja baada ya nyingine. Mara Bosi akakohoa ofisini! Simu ikaniponyoka, ikazama kwenye gunia la pamba. Nimeitafuta kwa mikono miwili mpaka nikatoka na ndevu nyeupe.

Meza sikupata. Lakini nilichungulia vizuri.

Jumanne, 4 Machi

Nimeipata! Kuna mchezaji anajiita Tajiri Mtarajiwa. Huyu si mtu, ni zawadi. Anatia dau kwa karata ambazo mimi ningezionea haya hata nikiwa peke yangu. Akishindwa anaandika kwamba mtambo umerogwa. Pembeni yake yuko mwingine anaitwa Jiwe. Haandiki neno. Anatupa, anatupa, anatupa. Shemeji alisema tuogope wakimya, ila alisema watu wakimya. Huyu ni mtu mmoja. Nikakaa. Jina langu hapo ni Chui Mpole.

Nimemla Tajiri mara tatu kabla ya chai ya saa nne. Mara ya tatu nikasikia kishindo ofisini, kama mtu amepiga meza kwa kiganja. Nikaganda. Bosi kaniona! Nikachomoka stoo na robota la sponji kifuani, kama mtu mwenye kazi. Dada wa cherehani, anayeshona vitambaa vya makochi yetu yote, akauliza kaka Stoo, hilo unalipeleka wapi. Nikasema nalipeleka likapunge upepo. Akanitazama anavyotazama kitambaa kilichokatwa kombo.

Bosi hakutoka. Nimerudi stoo nikinyata. Moyo haujarudi mpaka sasa.

Alhamisi, 6 Machi

Nitaandika polepole.

Ukuta kati ya stoo na ofisi ni plaiwudi, tena ile nyembamba. Leo nimemwongezea Tajiri dau. Kimya mezani. Kimya ukutani. Kisha Bosi akasonya, na papo hapo Tajiri akatupa karata. Mgao uliofuata wa karata, Bosi akaanza kupiga mluzi. Tajiri akaweka dau nene. Nikatupa zangu, naye akazionyesha zake kwa majigambo: wafalme wawili. Mgao wa tatu nikamsikia Bosi akisema, Mungu wangu, mara hii tu. Tajiri akasukuma kila alichonacho. Nikamfuata. Hakuwa na kitu! Ukuta ukatikisika, rula ikaanguka kutoka msumarini.

Tajiri Mtarajiwa ni Bosi.

Jasho la baridi. Nimekaa meza moja na mtu aliyeshika ugali wangu, tena namnyang'anya wake. Mwenye akili angeinuka. Nimelifikiria sana jambo hilo. Lakini ni nani duniani amewahi kupata meza ambayo mpinzani wake anapiga mluzi akiwa na karata nzuri? Akipiga mluzi, nakimbia. Akimwomba Mungu, namla. Meza laini kuliko hii haipo.

Nimekaa.

Ijumaa, 7 Machi

Chai ya saa nne imefutwa. Bosi ametangaza tubane matumizi. Dada wa cherehani akauliza uzi mweusi utanunuliwa lini. Akaambiwa ashone na uzi alionao. Alionao ni wa pinki. Kochi la mteja ni jeusi.

Nimeanza kuelewa kitu. Ninachomla Bosi ni uzi. Wiki ijayo kitakuwa sponji. Baada ya sponji kinakuja mshahara wangu. Yaani najila mwenyewe, nimeanzia vidole vya miguu.

Nyumbani nimeingia na nyama. Mke wangu akauliza imetoka wapi. Nikasema ziada ya kazini, na kwa namna fulani ni kweli. Alinitazama tu, akaendelea kukata vitunguu bila kuangalia kisu. Bosi akigonga ukuta naogopa. Mke wangu akinyamaza natafuta viatu.

Jumatatu, 10 Machi

Mambo yameiva. Bosi ametukusanya uani akasema biashara imekauka, mwisho wa wiki mmoja wetu ataondoka. Hakusema nani. Tuko watatu. Bila fundi seremala hakuna kochi. Bila dada wa cherehani kochi lipo, lakini liko uchi. Bila mimi... nimelifikiria hilo mpaka mchana. Bila mimi kufuli litakuwa mpweke.

Nina watoto, nina kodi ya nyumba, na sina kingine ninachokijua ila mahali misumari ilipo. Kazi hii ikipotea nimekwisha.

Mpango! Nimrudishie Bosi fedha zake kwenye meza ileile. Nishindwe makusudi. Kazi nyepesi, nimeshindwa maisha yangu yote bila kukusudia. Nikangoja karata mbovu, zikaja mbili na saba. Bosi akamwomba Mungu. Nikasema moyoni, leo amekusikia, mzee. Mezani, kwenye karata za wote, zikashuka saba, saba na mbili, na mbovu zangu zikageuka ushindi. Sijawahi kuona kitu kama hicho! Nikataka kutupa, kidole kikatetemeka kikagusa palipoandikwa ongeza. Nimemfyeka. Nyuma ya plaiwudi mtu mzima amelia kwa kwikwi, nami upande wa pili nimeng'ata sponji nisimsaidie.

Aliporudi mezani nikasukuma kila kitu katikati ili akiokote. Akakiokota Jiwe. Chote! Kisha Jiwe akaandika neno lake la kwanza tangu nimjue. Asante.

Sasa sina fedha, Bosi hana fedha, na kazi iko palepale ukingoni.

Jumanne, 11 Machi

Bosi ameniita. Funga mlango, Stoo. Nimeufunga huku nikiwaaga watoto moyoni.

Akanikalisha karibu, akanong'ona. Kumbe ni siri tu: yeye hucheza karata, na kuna mwizi mmoja anaitwa Chui Mpole, anamla kama vile anamsikia mapigo ya moyo. Ameapa siku akimjua atamlaza ndani ya kochi na kumshonea humo. Akanitaka nikae naye nimtazamie, labda macho manne yatamgundua. Tukamngoja Chui Mpole. Hakuja. Bosi akasema ajabu, saa hizi huwa yupo. Nikasema labda anaumwa. Jasho lilikuwa limefika kwenye soksi.

Mara simu yangu ikalia mfukoni. Mtambo unauliza kama Chui bado anakihitaji kiti chake! Nikasema ni mke wangu. Bosi akasema pokea, mke hasubirishwi. Basi nikaongea na mtambo. Ndiyo mama watoto, nitaleta mkaa. Hapana, siyo mwingi. Nami nakupenda. Bosi akatikisa kichwa kwa huruma.

Baadaye akashinda mgao mmoja mdogo, akanikumbatia mpaka mgongo ukalia. Stoo, mwanangu, kumbe una nyota!

Jumatano, 12 Machi

Nimepandishwa cheo. Mimi sasa ni mchagua meza wa Bosi. Hakuna atakayeondoka, kasema, kwa sharti moja. Ametia mezani mishahara yetu ya mwezi. Yote. Akasema kazi kwako, kijana.

Nimeomba ruhusa kwenda chooni. Nimerudi. Nimeomba tena.

Nikakohoa kitaalamu, nikasema kwanza tunachungulia. Nikachungulia hadi macho yakauma. Nikaona meza moja ya vicheko, watu wanataniana, mmoja anaimba kwa maandishi. Hakuna mkimya hata mmoja. Nikamwambia hapa, Bosi, kaa ule.

Alipokaa tu wakacheka zaidi. Waliendelea kucheka. Bosi alipiga mluzi mara moja, nao wote wakatupa karata kana kwamba wamemsikia. Alipomwomba Mungu wakamfuata wote. Gundi niliyoipaka asubuhi kwenye mguu wa kiti ilikuwa haijakauka, na mishahara ilikuwa imekwisha.

Nimelichunguza kosa. Meza ilikuwa sahihi. Bosi ndiye hakuwa sahihi. Sikumwambia, maana alikuwa ameshika mkasi.

Alhamisi, 13 Machi

Dada wa cherehani amekwenda kuuliza mshahara. Bosi akasema mtandao wa benki uko chini. Dada akasema sawa, basi na sindano ya cherehani haipandi juu. Akaifungua kutoka mezani pake, maana ni yake mwenyewe, sisi wote tulikuwa tumesahau, akajitwika. Seremala akabeba randa na msumeno, akamfuata. Mpaka mchana walikuwa wamepanga chumba upande wa pili wa barabara, na mteja wa kochi jeusi alikuwa anavuka.

Kabla ya kuondoka dada alipita stoo. Akasema kaka Stoo, wewe ni muongo, lakini vitu vyako unavipanga vizuri. Nahitaji mtu wa stoo, Jumatatu uje. Ila simu itakaa kwenye droo yangu mpaka jioni. Hutaki, basi. Nikasema nitafikiri. Akasema fikiri haraka, seremala ana binamu yake.

Bosi amenipokonya funguo saa kumi. Amefunga karakana, akaniomba nimtafutie meza nyingine akipata chochote. Nikaondoka kinyumenyume, sikutaka kumpa mgongo.

Jumamosi, 15 Machi

Mke wangu anajua kila kitu! Dada wa cherehani alipita nyumbani. Nilipoingia, mke wangu alikuwa amekaa, mikono mapajani, hana hata kitunguu. Nusura nirudi nje. Akasema maneno machache tu. Jumatatu unakwenda. Simu unampa dada yule. Ukifukuzwa na pale, watoto na mimi tunakwenda kwa mama yangu, wewe ubaki na karata zako. Nikaapa. Nimeapa kwa dhati. Kazi ile siipotezi tena, nimekoma.

Jumatatu nitampa dada simu yangu, mbele ya mashahidi. Hii nyingine ameniazima shemeji.

Nimejifungia bafuni kuijaribu tu. Nimetia nauli ya wiki nzima, nitatembea, daktari hata husifu kutembea. Nimechagua meza yenye viti vitupu, nikijua nitakuwa na utulivu. Ajabu! Nilipokaa tu, viti vyote vikajaa papo hapo. Mmoja akaandika Chui, ulikuwa wapi, tumekutafuta meza zote. Mwingine akaandika tulikuwa na wasiwasi nawe, ndugu yetu. Wa tatu akamwita rafiki yake aje haraka, nafasi zinaisha.

Machozi yamenitoka. Miaka yote kazini hakuna aliyenitafuta ila kwa misumari. Watu wenye mapenzi namna hii hawawezi kumdhuru mtu.

Mke wangu anagonga mlango. Anauliza nalia nini. Nimemwambia sabuni imeniingia machoni, nikaongeza dau.