Fomu ya Figo la Mama

Jumatatu, 3 Machi

Daftari, niwie radhi. Mara ya mwisho kukuandikia, mwanangu hakuwa na jino hata moja. Sasa anayo manne, na yote kayajaribu begani kwangu. Sikukusahau. Nilikosa mkono wa tatu.

Leo nimekuja na hasira tupu. Nimempeleka mama kwa daktari wa upasuaji. Ana uvimbe kwenye figo la kushoto, tunajua tangu mwaka jana. Daktari anataka jambo moja tu: umekua au haujakua? Ukiwa umekua, figo linatolewa. Kama haujakua, linabaki. Kafungua ripoti mbili. Ya mwaka jana: donge kama ndimu. Ya mwaka huu: uvimbe wa kadiri, huenda wa maji, huenda si wa maji. Kashika kichwa. Kasema asipopata jibu hadi Jumatano ya wiki ijayo atakata, heri kukata kuliko kubahatisha. Heri kwa nani? Njiani mama kaniuliza, kwa upole wake ule, kama ndimu ni kubwa kuliko kadiri.

Na aibu ni yangu. Ripoti zote mbili nilizipiga chapa mimi. Ndiyo kazi yangu, mchapaji wa idara ya picha. Nikapiga na nukta nikaweka!

Jumanne, 4 Machi

Nimewaendea wenyewe, madaktari wetu wawili wa kusoma picha. Bi Ndimu: kila akionacho mwilini mwa mtu ni tunda. Bwana Huenda: hajawahi kuona kitu akakiri kuwa amekiona. Mwaka wa pili huu hawasemezani, waligombania chumba chenye dirisha. Nimeomba wazitazame picha za mama pamoja, wapime. Bi Ndimu kasema hasahihishi kazi ya mtu asiyejua kusalimu. Bwana Huenda kasema huenda kesho. Nikamwuliza Bi Ndimu, ndimu ya ukubwa gani? Kanijibu ndimu ni ndimu, mwanangu, kwani wewe sokoni huendi?

Nimekwenda sokoni. Nimepima ndimu tisa kwa rula. Ndogo milimita ishirini na nane, kubwa hamsini na moja! Muuzaji kauliza kama nanunua au nazishonea nguo.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata dawa. Fomu! Nimeichapa saa ya chakula, mtoto mgongoni, ananivuta nywele. Visanduku vya kutia tiki. Uvimbe ni wa maji, wa nyama, au mchanganyiko. Ukingo laini au wenye mikwaruzo. Milimita ngapi, kwa tarakimu. Kisanduku cha matunda hakuna. Cha huenda hakuna. Kila figo, daktari yeyote, maneno yale yale. Kesho na keshokutwa wataizoea, Jumatatu nitawapitishia picha za mama kama za mgonjwa yeyote.

Juu nimeandika kwa herufi kubwa: KWA AGIZO LA MKUU. Mkuu wa idara hajaagiza. Yuko safarini. Lakini angekuwapo, kwa akili zake, angeagiza.

Alhamisi, 6 Machi

Wamejaza! Kimya, kama kondoo. Bi Ndimu kauliza tu embe anaandika wapi. Nikamwambia mkuu hataki embe. Mimi ni nani? Mimi ni mkuu!

Ijumaa, 7 Machi

Balaa. Sikuweka kisanduku cha "hakuna kitu".

Wagonjwa kumi na mmoja, mafigo mazima kabisa, wote wametoka na uvimbe. Nimemfokea Bwana Huenda, mbona umetia tiki? Kasema agizo ni agizo. Mtu aliyekataa kuamini macho yake miaka ishirini kaiamini karatasi yangu! Mlinzi wa getini alikuja kwa maumivu ya mgongo, kapewa uvimbe wa maji, milimita sifuri. Kampigia mkewe simu waagane. Kawasamehe adui zake wote, na mimi nimo. Nikamwambia, baba, huna kitu, fomu ina kasoro. Kashukuru Mungu. Kisha akaurudisha msamaha wake palepale.

Wale kumi nimewafuata mmoja mmoja, mpaka majumbani, mtoto mgongoni. Mmoja kanibusu mkono. Mmoja kanirushia kandambili. Ana haki.

Jumatatu, 10 Machi

Mkuu karudi, kaniita. Wale wawili wakaingia bega kwa bega. Wanasemezana! Kunihusu mimi. Bwana Huenda kasema hakika nimevuka mpaka. Hakika! Neno alikuwa nalo siku zote, alinifichia mimi na mama yangu. Bi Ndimu kasema daktari wa kweli hafundishwi figo na mpiga chapa.

Damu ikanichemka. Nikasema haya, lielezeni hili. Nikazitoa picha za mama mkobani, katikati ya nepi, nikazibandika kwenye taa. Wakabishana. Wakapima mara nne, ili kunikomoa. Mwaka jana milimita ishirini na mbili. Mwaka huu ishirini na mbili. Wa maji, ukingo laini. Hata ndimu yenyewe ilikuwa uongo! Wakatia saini wote wawili, wakanisukumia karatasi kama wananipa talaka.

Nimelia chooni. Nimejipangusa kwa nepi, safi.

Jumatano, 12 Machi

Daktari wa upasuaji kasoma mara moja tu. Haujakua. Mama anabaki na figo lake, picha nyingine baada ya miezi sita. Njia nzima kanishika mkono kama mimi ndiye mgonjwa.

Mimi nimepewa barua ya onyo. Ni marufuku kuandika fomu, hata tangazo la mlangoni. Mkuu kaunda kamati ya kuoanisha maneno. Imekaa saa mbili, imevunjika kwenye neno la kwanza. Unaona? Bila mimi hakuna kitu. Kosa langu lilikuwa moja: mkuu ni mdogo mno. Na figo ni mwanzo tu. Leo nimechapa ripoti ya ini "kama fenesi".

Nimemwandikia dada yangu, anauza vifaa vya ofisi. Karatasi za kaboni alizonitumia zimefika. Bado nahitaji anitumie: karatasi rimu mbili, rula moja ya milimita, ya chuma, dawa ya fizi za mtoto, na muhuri wa mviringo, mpana kuliko wa mkuu, usomeke KWA AGIZO LA JUU KABISA, pamoja na wino wake, mwekundu, chupa mbili.