Kugeuzwa kwa Santuri kule Kilakala

Sogeeni, enyi mlioshiba na enyi msubirio sahani, wana wa milima ya Uluguru nanyi mliokuja kwa kazi ya miwa na viwanda. Zilazeni simu zenu kifudifudi, maana nasimulia vita visivyomwaga chochote isipokuwa soda moja, vilivyopiganwa alasiri katika ukumbi wa arusi pale Kilakala, baina ya mkono wa kulia wa Mzee Stambuli na upande wa pili wa santuri. Nami naomba nijaliwe usahihi tu, kwa kuwa madoido ninayo ya kutosha.

Yajulikane kwanza mambo ya kale. Katikati ya miaka ya sitini, uhuru ungali mbichi na suruali zingali zinabana, bendi ya Bigwa Jazz ilitoa wimbo ulioitwa “Treni ya Saa Kumi”. Mwanamume anamngoja mpenzi wake stesheni ya Morogoro. Treni inaingia, abiria wanashuka, mpenzi hayumo. Nchi nzima ikalia. Wali uliungua majikoni, na makarani waligonga mihuri kichwa chini. Lakini santuri za enzi hizo zilikuwa fupi, wimbo ukakatwa vipande viwili, na redio ikapiga kipande cha kwanza tu. Katika kipande cha pili, magitaa yanapochemka, yule mwanamke anashuka kutoka behewa la mwisho akiwa na sanduku, jogoo na malalamiko. Wasiokuwa na santuri wamezeeka na huzuni isiyo na msingi.

Wacheza dansi wa mji huu walikuwa na sheria yao. Upande wa kwanza ukiisha, mwanamume hukaa wima palepale, ameushika mkono wa mwenzake, mpaka santuri igeuzwe. Akiuachia, amempoteza, aliye karibu ana haki ya kumchukua.

Sheria hiyo ilimkata Stambuli, Simba wa Spoki, fundi wa baiskeli asiyeshindwa na tairi lolote. Akiwa kijana aliuachia mkono wa Bi Mosi akakimbilia kugeuza santuri, kwa kuwa ilikuwa yake na hakutaka iguswe na vidole vyenye mafuta ya sambusa. Aliporudi alimkuta Bi Mosi na Salum. Salum akamchezesha, akamposa, akamwoa, akazaa naye, na hatimaye akafariki kwa amani. Sijui sambusa nyingine iliyoleta hasara kubwa kama hiyo.

Sasa Bi Mosi, mjane, alikuwa amekuja kutoka Dakawa kwa ajili ya arusi, na kesho yake angerudi kwenye mavuno ya mpunga. Stambuli akaja na gramafoni yake ya betri, imefungwa kanga mithili ya mtoto mchanga, akaiweka mezani kwa Abuu, mpiga muziki wa shughuli.

“Shikamoo mzee. Inaunganishwa na bluetooth?”

“Marahaba. Inaunganishwa na heshima. Sogeza maiki.”

Kisha akamwendea Bi Mosi, akainama kiasi alichoruhusiwa na kiuno. “Bi Mosi, binti wa mlima, wewe uliyenifundisha urefu wa miaka, nakuomba uwanjani.”

“Maneno mengi, Stambuli, na goti zima unalo moja.”

“Hilo moja ni lako.”

Bi Mosi akavua viatu, akavishika mkononi, akainuka. Wakacheza upande wa kwanza. Vijana waliimba nao, wakapiga makofi, wakaenda kukaa. Sindano ikabaki inakwaruza. Wazee wawili wakasimama katikati ya ukumbi, mkono kwa mkono. Na hapo akajongea Hatibu wa Suti ya Kijivu, mpima ardhi mstaafu, ambaye maisha yake yote alitambua mpaka unapoanza kulegea.

Abuu akashika simu yake.

“Kijana, wimbo haujaisha,” akanguruma Stambuli.

“Umeisha mzee. Hata kwenye simu unaishia hapohapo.”

“Simu yako ina nusu. Igeuze hiyo santuri.”

“Mimi hiyo siigusi. Nikiivunja mtaniua. Njoo mwenyewe.”

Hatibu akatabasamu. “Nenda, ndugu yangu, mali ni yako. Bi Mosi nitakushikia mimi, kama amana.”

“Amana hiyo alinishikia Salum,” akasema Stambuli, “akanirudishia wajukuu tu.”

“Mimi si amana wala baiskeli,” akasema Bi Mosi. “Mguu unaniuma. Nani anageuza?”

Stambuli akafikiri. “Twende wote.”

“Wapi?”

“Mezani.”

Bi Mosi akamgeukia. “Na mwaka ule hukuliona hilo?”

“Nilikuwa kijana.”

“Hata ndama wanajua kufuatana.”

Wakaondoka, jeshi la watu wawili, wakipasua njia kati ya viti vya plastiki na kuizunguka keki. Mkono wa kushoto wa Stambuli ulikuwa na Bi Mosi. Mkono huru wa Bi Mosi ulikuwa na viatu, ambavyo hakuwa tayari kuviweka chini katika shughuli ya watu. Basi mkono wa kulia ukapigana peke yake. Uliinua sindano. Kidole kikaingia katika tundu, kikainyanyua santuri, kikaiegemeza kifuani, kikaigeuza. Ikakosa kukaa. Ikakosa tena. Waliokuwepo wanadai ukumbi ulitetemeka, haukutetemeka. Kilichotetemeka ni chupa ya soda ya Hatibu, nayo ikamwagikia suti. Mara ya tatu santuri ikatulia mahali pake, sindano ikashuka, magitaa yakachemka, na yule mwanamke akateremka kwenye treni.

“Kumbe alikuja,” akasema Abuu.

“Alikuja,” akasema Bi Mosi. “Hamkumgeuzia tu.”

Vijana wakainuka wote, na Hatibu akakaa. Stambuli hakucheza vizuri, hilo lazima lisemwe. Lakini alicheza mpaka mwisho, na sindano ilipoanza tena kukwaruza Hatibu akainuka na doa lake la soda mapajani.

“Sasa umeisha kweli,” akasema.

“Mpunga wa Dakawa haukimbii,” Bi Mosi akamwambia Stambuli. “Geuza.”

Akageuza, kwa mkono uleule mmoja. Na iandikwe katika tarehe za Morogoro kwamba siku ile, kwa mara ya kwanza, watu wawili waliucheza upande wa huzuni wakijua kwamba mwanamke yumo kwenye treni.