Filimbi ya Mjomba Taib

Jumatano, 26 Julai 1944

Nimepata filimbi! Ya mbao, nyeusi, ndefu, inang'aa kama kichwa cha mwalimu wangu wa chuoni. Nimebadilishana na baharia wa Ayalandi huko Kilindini. Yeye kachukua mkebe wa halua, mimi nimechukua filimbi. Anadhani amenipunja. Maskini.

Harusi ya Mbeyu ni wiki mbili zijazo. Ni mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu. Tumemlea mimi na mke wangu Mwanarusi. Siku aliyofiwa na mamake alilia hata hakuna aliyeweza kumnyamazisha, nami nikamwambia nyamaza mwanangu, siku ya harusi yako mjomba atakupigia muziki mwenyewe. Akanyamaza. Wakati ule niliona muda upo mwingi. Tangu hapo nimejaribu fidla (ikanishinda) na ngoma (majirani wakanishinda). Juzi Mbeyu kaniuliza kama bado nakumbuka. Nakumbuka!

Filimbi ina vitundu sita vya vidole. Mimi nina vidole kumi. Itanishindaje?

Ijumaa, 28 Julai

Haitoi sauti. Nimeipuliza kwa nchani, kama watu wanavyopuliza zumari, mpaka macho yakanitoka. Kimya. Nikarudi Kilindini kulalamika kwamba nimeuziwa mzoga.

Baharia alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe filimbi hii hushikwa kwa ubavu, na pumzi hupitishwa juu ya tundu la pembeni, midomo umeikaza kama anayetema kokwa ya ukwaju. Alipopuliza yeye, wachukuzi walitua magunia wasikilize. Nilipopuliza mimi, waliyabeba tena.

Kizunguzungu. Mwanarusi ameuliza kama nina homa.

Jumapili, 30 Julai

Sauti imetoka! Moja tu. Nzito, ya chini, kama mbuzi aliyekumbuka jambo. Nikaitafuta ya pili mpaka adhuhuri. Hakuna.

Mwanarusi akasema kwa upole kwamba nikipenda kwenda kupunga upepo kule kwenye mnara wa taa, yeye hatanizuia. Mke mwema huyu, anajali afya yangu. Nikaenda. Muuza kahawa wa pale alinivumilia kitambo, kisha akaniomba radhi sana, akasema wateja wake wanauliza nani anaumwa.

Jumanne, 1 Agosti

Nimemwambia Esmail kwamba nataka kupiga filimbi harusini. Kosa! Esmail ana duka la nguo mbele ya nyumba yetu. Ni mpiga kinanda wa kilabu chetu cha tarabu, na ni rafiki yangu, siku moja moja. Mimi katika kilabu ndiye mbeba kinanda. Kazi ya heshima, bila mimi hakuna tarabu. Lakini mbeba kinanda haketi kwenye jamvi la wapigaji. Huketi mlangoni, karibu na viatu.

Esmail akasema tarabu haina nafasi ya madude ya Wazungu. Nikamjibu kwamba dude hili ni mpingo, na mpingo ni mti wa kwetu, ila kinanda chake ndicho kilichoshuka melini kutoka Bombei. Mwishowe akasema haya, Jumatatu nipige mbele ya wenzetu wote. Wakiridhika, nitaketi jamvini siku ya harusi.

Alhamisi, 3 Agosti

Dishon, karani mwenzangu pale forodhani, mtu wa bara, ni mwimbaji wa kwaya ya kanisa lao. Kanipa siri. Pumzi ya muziki haitoki kifuani, hutoka tumboni.

Sasa nimeelewa. Tumbo langu ni dhaifu. Nikala sahani mbili za biriani na mkate wa mofa juu yake, ili lipate nguvu. Nikapuliza. Biriani ikataka kurudi. Nimelala alasiri nzima. Nadhani siri za kwaya haziwafai Waislamu.

Jumatatu, 7 Agosti

Nimepiga mbele ya kilabu. Sauti yangu ya mbuzi ilitoka vizuri sana. Nikasubiri nyingine zije. Hazikuja. Wenzangu wakaangalia vidole vyao vya miguu.

Esmail hakucheka. Angecheka ningejua la kumwambia. Aliichukua filimbi, akaigeuzageuza, akasema ni mti mzuri. Kisha akaniuliza kama ile sauti moja naweza kuishika isitetereke. Nikasema naweza. Basi, akasema, yeye akiinamisha kichwa mimi nipulize, akiinamisha tena ninyamaze, na mengine nimwachie yeye na kinanda chake.

Nimekubali, ili nisimvunje moyo. Ni wazi kwamba bila mimi hawezi.

Jumatano, 9 Agosti

Nimevunjika moyo. Nitaandika kwa ufupi.

Mwanarusi alikuwa akifukiza nguo za harusi. Chetezo chini na makaa yake na udi, kikapu cha fito juu yake, kanga na kanzu zimetandazwa juu ya kikapu. Nikafikiri, mpigaji ananukia, filimbi je? Nikaisukuma ndani, chini ya kanzu yangu, karibu na moshi mzuri. Nikaenda kuswali.

Niliporudi ilikuwa inanukia ajabu. Na ilikuwa na ufa kutoka juu mpaka kitundu cha kwanza. Nikapuliza. Haikutoka hata sauti ya mbuzi.

Mwanarusi anasema ni moto wa makaa umeukausha mti, mtoto mdogo angejua. Si kweli. Ni kijicho! Nani aliyeisifu Jumatatu bila kusema mashallah? Esmail!

Nimeketi ukumbini na filimbi mapajani. Mbeyu akapita, mikono imejaa hina, akaniuliza mjomba una nini. Nikasema sina kitu. Nilitaka kulia.

Alhamisi, 10 Agosti

Nilikwenda dukani kumshutumu Esmail. Nikamwonyesha ufa. Akanitazama usoni, akafunga duka mchana kweupe, wateja wakimwita mlangoni, tukaketi nyuma ya marobota ya bafta, tukiwa na nta na uzi wa mshona viatu. Akaziba ufa, akazungusha uzi, akaziba tena. Mbuzi wangu amerudi, ana mafua kidogo.

Nimemsamehe Esmail.

Ijumaa, 11 Agosti

Ndoa imefungwa asubuhi msikitini. Alasiri, kupambwa kwa bibi harusi. Wanawake ndani, sisi wapigaji ukumbini, pazia katikati. Mimi jamvini! Mtu mwingine aliangalia viatu.

Bibi harusi wa kwetu akiketishwa kutazamwa huwa kama sanamu. Macho chini, hacheki, hasemi, hata nzi akitua puani. Mwanarusi anasema Mbeyu tangu asubuhi hakula wala hakunywa.

Esmail akainamisha kichwa. Nikapuliza. Sauti ikatoka nzito, tamu, kinanda kikaizunguka, fidla ikafuata, na mimi nikasema moyoni, dada, unasikia? Esmail akainamisha tena. Ningenyamaza, lakini nilikuwa nimekolea. Nikaongeza pumzi. Nta ikabanduka.

Sijui niielezeje sauti ile. Paka wote wa mtaa waliijibu.

Esmail akaondoa vidole kwenye kinanda. Na nyuma ya pazia mtu mmoja akacheka. Nikaijua sauti. Mbeyu! Bibi harusi! Alicheka mpaka akakosa pumzi, mabibi wakisema haya, haya mwanangu, shika adabu. Kisha akaita kwa nguvu, mbele ya wageni wote, kwamba huyo ni mjomba wake, ametimiza ahadi.

Vigelegele. Mimi nililia waziwazi. Esmail naye alikuwa akijifuta macho, anasema ni moshi wa udi.

Jumamosi, 12 Agosti

Mwanarusi ameleta salamu. Mbeyu anasema alikuwa na hofu siku nzima, akijiona kama mtu aliyekwisha kupelekwa mbali, na aliposikia mlio ule alijua yuko kwao. Nimemwomba Mwanarusi anirudie maneno hayo. Karudia. Nikamwomba tena.

Esmail amekuja kuniomba, kwa adabu nyingi, nirudi kwenye kubeba kinanda, maana aliyebeba jana amekibamiza mlangoni. Wivu! Ameshaona kipaji kimejitokeza. Nimetuma habari kwa Mbeyu kwamba akijaliwa mtoto, arobaini nitapiga mimi, peke yangu.

Yule baharia alikuwa na rafiki, na rafiki alikuwa na filimbi nyingine. Mkebe mwingine wa halua. Hii haina ufa hata mmoja. Safari hii sitaki kubahatisha na vijicho vya watu, inafaa kukingwa mapema. Mwanarusi ametoka kwenda sokoni. Nimekoleza makaa, nimetia udi mwingi, na filimbi nimeilaza ndani ya kikapu.