Kitabu Kilichoazimwa Mara Arobaini na Tatu

Jumatatu, 4 Machi

Mkuu wa Kitivo anautaka ukumbi wetu wa kusomea. Anataka kuufanya karakana, wanafunzi wa usanifu majengo watengenezee humo modeli zao. Vitabu, eti, vihamie maktaba kuu, chini ya ardhi, kwenye mabomba yanayovuja. Kamati inakutana Ijumaa. Nimekaa kwenye dawati hili la kuazimia vitabu miaka kumi na sita. Sitoki. Ng'o!

Dawa ninayo: takwimu. Nimetoa orodha ya muhula mzima, kila kitabu kilichoazimwa na siku kilipoazimwa. Bi Kadi, mworodheshaji wetu, kanishauri niwaulize na wanafunzi wenyewe. Wivu tu. Tangu nipewe kiti kipya cha ofisini, cha kuzunguka, hajanisamehe.

Jumanne, 5 Machi

Balaa. Uazimaji umeshuka kila mahali. Uchoraji chini, uchongaji chini, historia ya sanaa usiseme. Nikaigeuza grafu kichwa chini miguu juu. Ilipendeza sana, ila namba za pembeni ziliniumbua.

Saa nane mchana, muujiza! Kitabu kimoja kimeazimwa mara arobaini na tatu. Kinahusu mifereji ya majitaka ya miji ya kale. Kurasa mia tisa, jalada gumu, upana wa sinia. Kinaondoka leo, kesho kimerudi. Kurasa mia tisa kwa siku moja! Na sisi tunasema vijana hawasomi.

Nimemsimulia mke wangu. Kauliza ni mtu gani mwenye akili timamu asome habari za majitaka mpaka asubuhi. Nikamwambia elimu haina mwisho. Akaniambia nile, chakula kinapoa.

Jumatano, 6 Machi

Nimechora bango: MIFEREJI, KIU YA KIZAZI KIPYA. Limechukua ukuta mzima.

Nimechunguza zaidi. Cha pili kwa kuazimwa ni atlasi kubwa kuliko zote tulizonazo. Cha tatu ni juzuu nene la makanisa, limeandikwa kwa lugha ambayo hakuna hata mhadhiri mmoja hapa anayeijua. Kumbe wanafunzi wanajifunza lugha kimyakimya! Nimeliweka hilo kwenye ripoti.

Bi Kadi kaleta kile cha mifereji, kanionyesha matone ya gundi kwenye jalada. Kauliza kama hayanishangazi. Kinachopendwa huchakaa, mama. Hata shati langu la harusi lilichakaa.

Alhamisi, 7 Machi

Nimempata shahidi. Binti wa mwaka wa nne, mrefu, mpole, kaazima mifereji mara kumi na tisa peke yake. Kesho atasimama mbele ya kamati. Bi Kadi kanisihi nimwulize kwanza atasema nini. Sikumwuliza. Maneno ya moyoni hayafanyiwi mazoezi.

Ijumaa, 8 Machi

Nilianza vizuri. Grafu ya mifereji ilipanda, Mkuu wa Kitivo akaweka simu chini. Nikamwita binti. Nikamwomba aiambie kamati ni sura gani ilimgusa zaidi.

Akasema hajawahi kukifungua.

Akaeleza, tena kwa heshima zote, kwamba kina kilo sita. Ukishagandisha kuta za kadibodi za modeli, unakilaza juu yake, gundi inakauka bila kuta kupinda. Atlasi inafaa kwa paa. Makanisa ni ya ngazi. Wanarudisha mapema kwa sababu kuna foleni ya wenzao.

Walicheka wote. Mkuu wa Kitivo akaiomba grafu yangu. Akasema tangu azaliwe hajaona ushahidi mzuri namna hii kwamba wanafunzi wanahitaji karakana. Nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe!

Kura: tisa kwa moja. Hiyo moja, ya kuutetea ukumbi wangu, ilikuwa ya Bi Kadi, mjumbe wa maktaba kwenye kamati. Niliingia chooni nikalia. Miaka kumi na sita.

Jumatano, 20 Machi

Karakana imefunguliwa tangu Alhamisi iliyopita. Misumeno kila siku tangu asubuhi. Tumeachiwa rafu mbili na dawati langu hapa mlangoni, na hata hayo ni kwa kuwa Bi Kadi aliwaomba. Vitabu vingine vyote vimekwenda mabombani.

Mlango wenyewe mpya hauna komeo. Siku mbili za kwanza upepo uliubamiza mpaka meno yakaniuma. Tangu Jumatatu umekaa wazi, umetulia. Sijui fundi kaja saa ngapi.

Lakini kubwa ni hili. Nimetoa takwimu za siku tatu. Kijitabu kimoja chembamba, cha kufundisha kuchora mikono ya binadamu, kimeazimwa mara kumi na moja! Anakirudisha huyu, anakidaka yule. Na hawaendi nacho mbali. Wanapiga magoti papo hapo mlangoni, mbele ya macho yangu, kwa unyenyekevu ambao sijawahi kuuona kwa msomaji yeyote. Sanaa imefufuka.

Nimemwandikia Mkuu wa Kitivo barua. Nakala ishirini za kijitabu, mhadhara mmoja, na ukumbi wetu turudishiwe. Bi Kadi kautazama mlango, kanitazama mimi, akasema niangalie sakafuni kabla sijaipeleka. Takwimu hazikai sakafuni! Nimeipeleka.