Joka Mlangoni Kwa Wamaitha

Jumatatu, 4 Agosti

Baridi. Vumbi la barabara ya Namanga limeingia mpaka kwenye chupa ya sosi. Wateja wa mchana: Injinia Liu na mafundi wake wawili wa kambi ya barabara, ambao wangekuja hata tungekuwa tumefunga.

Wilkister ameniambia leo, akimenya tangawizi, bila kuniangalia. Kuna hoteli Kajiado mjini inayomtaka jikoni. Wanataka jibu Jumatatu ijayo. Hana ugomvi na mimi, amesema, ila amechoka kupikia viti vitupu. Jumapili hii akipikia viti tena, anaenda.

Akienda, tumekwisha. Marehemu mke wangu alijifunza kuvuta tambi kwa mkono kule kambi ya reli, alipokuwa akiwapikia Wachina. Halafu akafungua hapa Kitengela, na mlangoni akaandika mwenyewe kwa brashi: KWA WAMAITHA, CHAKULA HALISI CHA KICHINA. Herufi za mwisho zimebanana kwa sababu ukuta ulimwishia. Kuvuta tambi alimfundisha mtu mmoja tu, na huyo ni Wilkister. Mimi nilikuwa karani wa mnada wa ng'ombe Kajiado hadi nilipostaafu. Mikono yangu inajua muhuri.

Ng'ambo ya barabara Njuguna amejaza. Tangu aache nyama choma na kugeukia Kichina ana nguzo nyekundu, chemchemi ya maji na wahudumu wenye kofia za ncha. Nilituma mtu aninunulie tambi zake, nikazila stoo. Ni za pakiti! Kwa hivyo shida si chakula.

Nilivuka kumsalimia kijirani. Akaniambia watu siku hizi hawafuati tambi, wanafuata mazingira. Akanipigapiga begani. Sikupenda lile la begani, lakini neno nimelichukua.

Mazingira! Nimepita kwa Masila, anayetengeneza simba wa simiti wa kuweka kwenye mageti. Nimemwagiza joka. Amesema hajawahi kutengeneza joka, ila aliwahi kutengeneza tai, na mwenyewe hakulalamika.

Jumanne, 5 Agosti

Kazi nyingi. Nimeng'oa ile taa ndefu nyeupe ya katikati na kufunga balbu nyekundu. Dirishani nimetundika mapazia yetu ya chumbani, ya rangi ya maharagwe. Wamaitha aliyanunua Kajiado siku moja ya mvua, tukarudi nayo kichwani kama mwavuli, na yakatutia rangi masikio.

Meza kubwa ya mviringo nimeipeleka nyuma. Nimeweka vimeza vya watu wawili wawili, mshumaa kila kimoja. Wilkister akauliza watu sita watakaa wapi. Nikamweleza kwamba Mchina anapenda utulivu. Akasema amewapikia Wachina tangu kambi ya reli, na huyo bado hajakutana naye.

Nimemwomba pia asipige kelele jikoni. Kelele inaharibu mazingira.

Viatu vya mpira vya Wamaitha bado viko nyuma ya mlango wa jikoni. Hivyo sijavigusa. Wilkister hufagia akivizunguka.

Jioni, mafanikio! Mwanamume na mwanamke, wageni kabisa. Wakaketi gizani bila kufungua menyu. Yule bwana akaniita kando na kuuliza vyumba viko juu au nyuma. Nikamwambia hakuna vyumba, kuna stoo tu. Akauliza stoo ni ngapi.

Jumatano, 6 Agosti

Jane amekuja, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama kanisani. Kikundi chake kilikuwa kikila kwetu kila Jumapili baada ya ibada, enzi za Wamaitha. Tangu mazishi wamekuwa wakija mara mojamoja. Jumapili hii walikuwa wameahidi kuja wote, na mimi nilikuwa nimemtajia Wilkister ahadi hiyo kama mtu anayeonyesha hati ya shamba.

Hakuingia. Alisimama mlangoni, mkoba ameukumbatia. Alisema kuna mambo ameambiwa, na yeye si mtu wa kuhukumu. Alisema kufiwa ni mzigo na wengine hupotea njia. Nikamwambia zile ni taa za Kichina. Akauliza basi ndani kuna nini ambacho hakifai kuonekana na watu walio nje.

Kikundi kitakula kwa Njuguna. Mimi wataniombea.

Wilkister alikuwa amesikia yote. Aliendelea kukata vitunguu.

Nimefikiri sana. Watu wanadhani hapa ni lojing'i kwa sababu hawajui sisi ni Wachina halisi. Wanahitaji ushahidi wa macho. Na ushahidi ninao: unakula hapa kila siku na unavaa kofia ya chuma.

Alhamisi, 7 Agosti

Nilifungua pazia moja na kumweka Injinia Liu dirishani. Nilimpa kiti kizuri, chenye miguu yote minne sawa. Nilimgeuza kidogo uso uelekee barabarani. Akaniuliza kama kuna mtu anayemtafuta. Nikasema hapana, ni heshima tu.

Akaagiza ugali na sukuma.

Nilimsihi achukue tambi, japo bakuli dogo. Akakataa kwa upole. Tambi anakula kambini. Alhamisi huja kula ugali, na Wamaitha alikuwa akimpikia kila Alhamisi, mgumu, wa kushikika. Nilikuwa nimesahau habari za Alhamisi. Nakumbuka sasa: alikuwa akimwambia aoshe mikono mpaka kwenye kiwiko, kama mtoto, na Liu alikuwa akitii.

Basi akala. Kwa mkono, akifinyanga tonge vizuri kuliko mimi, mbele ya Kitengela nzima. Watu wa kuosha magari hapo jirani walisimama kutazama. Njuguna akavuka barabara makusudi kuniuliza nimeanza lini kuuza chakula cha Kisumu.

Liu alipomaliza alitazama vimeza vyangu, mishumaa, pazia. Kiswahili chake alikipata kwa manyapara, hakina mapambo.

"Mzee, hapa sasa ni kama hospitali. Kwetu mtu akisikia hoteli imenyamaza, anapita."

Maneno mazito. Nimeyatafakari hadi jioni. Hospitali! Ni kweli. Wilkister anapangusa meza kwa dawa ya sakafu. Shida ni harufu.

Ijumaa, 8 Agosti

Udi. Nilipata mfuko mzima sokoni. Muuzaji alisema kipande kimoja kinatosha nyumba. Hoteli si nyumba, kwa hivyo nilijaza sahani mbili, nikazipuliza, nikafunga madirisha ili harufu isipotee.

Saa sita hivi sikuwa nikiiona tena kaunta. Wilkister alitoka kwa mlango wa nyuma akikohoa, aproni usoni. Mimi nilikuwa karibu na pazia nikipunga menyu, nikijaribu kuupeleka moshi kwenye kona zilizokosa, wakati mlango ulipofunguliwa kwa teke. Wale wa kuosha magari. Walikuwa wameona moshi na wamekuja na mpira wao wa maji.

Ni majirani wema. Walizima kila kitu. Udi, mishumaa, mapazia, mimi.

Njuguna alileta taulo. Alisema hatanitoza.

Wilkister alisaidia kukamua mapazia, yeye upande huu, mimi ule. Yalitoa maji mekundu. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba jana hoteli ya Kajiado walimpigia tena. Nikamwomba angoje Jumapili. Akasema ameshasema Jumapili, na yeye habadilishi neno, lakini nisijidanganye.

Usiku nilikaa kitandani bila mapazia. Mwezi uliingia hadi upande wa Wamaitha.

Jumamosi, 9 Agosti

Joka limefika kwa mkokoteni, watu wanne wakisukuma na Masila akitembea mbele kama mwenye maiti.

Niandike ukweli. Ni simba. Shingo ameirefusha, mgongoni ameweka magamba ya samaki, na mkia umezunguka hadi mbele kwa sababu mkokoteni ulikuwa mfupi. Uso ni uleule wa simba wa geti, wenye huzuni. Masila anasema kalibu ya uso anayo moja tu. Tumbo limeshuka kidogo. Simiti ilikuwa bado haijashika alipolisimamisha.

Halikuingia mlangoni. Tulijaribu kichwa kwanza, tukajaribu mkia kwanza. Limebaki nje, kando ya maandishi ya Wamaitha, likitazama barabara.

Nalangu, anayetuuzia maziwa, alikuja na mtungi kama kawaida. Tukasalimiana Kimaasai, supa, ipa. Akatua mtungi, akalizunguka joka taratibu kama anavyozunguka ng'ombe mnadani. Namjua tangu Kajiado, na sijawahi kumwona akikosea mnyama. Akalishika tumbo. Akanitazama kwa huruma na kuniambia huyu ana mimba, tena kubwa, na kwamba nimeuziwa bila kuambiwa.

Ng'ambo, Njuguna alikuwa ameshika nguzo yake kwa mikono miwili, akicheka.

Kesho ndiyo Jumapili.

Jumapili, 10 Agosti

Stima imepotea alfajiri, kwetu na ng'ambo ya barabara pia. Niliona ni mwisho. Balbu nyekundu hazikuwaka. Mapazia bado yalikuwa kwenye kamba, mabichi. Udi umezikwa. Mazingira sina hata moja!

Wilkister alikuja moja kwa moja kutoka ibada ya asubuhi, amevaa gauni la bluu na viatu vya kisigino. Alitazama ndani. Giza tupu, mbao za madirisha bado zimefungwa. Akasema hapiki kama popo. Tukafungua milango yote miwili na madirisha, na kwa kuwa vimeza vilikuwa havina mwanga, akaniamuru tuitoe ile meza kubwa ya mviringo, tuiweke nje kibarazani. Niliinua upande wangu. Nilikuwa nimesahau ni nzito namna gani. Wamaitha alikuwa akiivuta peke yake.

Liu alikuja na kambi nzima, kwa sababu jiko lao ni la stima. Wakaizunguka meza.

Ng'ambo, akina mama walikuwa wameketi kwa Njuguna, kofia zote za Jumapili. Chemchemi ilikuwa imekauka. Majiko yake nayo ni ya stima. Wahudumu walipita na kurudi na kofia zao za ncha, mikono mitupu. Jane alikuwa akijipepea kwa kitabu cha nyimbo.

Kwetu jikoni ni makaa, kama kule kambi ya reli. Nilisikia Wilkister akivuta tambi, yale makofi ya unga mezani. Nilisikia mafuta. Halafu akaligonga karai kwa upawa, mara mbili, kwa nguvu, na kupaza sauti:

"Meza kubwa! Nani hajanawa?"

Nilisimama. Sijui kwa nini niandike uongo hapa: nilisimama kwa sababu nilidhani ni yeye. Ndivyo alivyokuwa akigonga, na ndivyo alivyokuwa akiita, na mimi ndivyo nilivyokuwa nikisimama kwenda kubeba mabakuli.

Ng'ambo ya barabara kofia zote ziligeuka. Jane alinyanyuka wa kwanza. Hakuuliza kitu. Alivuka, akanawa, akajibana katikati ya Liu na fundi mmoja, na wenzake wakafuata. Viti vilikwisha, wengine wakakalia kreti. Kila mtu aliongea kwa wakati mmoja. Liu alimwekea Jane nyama kwenye bakuli bila kuulizwa, Jane akamwekea yeye pilipili, wakaanza kubishana kuhusu tangawizi. Wilkister aliwafokea kuwa hakuna anayepewa mara ya pili kabla kila mtu hajapata ya kwanza. Alinifokea mimi pia. Nilibeba.

Nilipompita Jane alinishika mkono wa shati.

"Baba Nyawira, leo ndio tumekuja kwa Wamaitha."

Nyawira ni binti yetu. Jane hakuwa ameniita hivyo tangu mazishi.

Nilienda jikoni kujificha kidogo. Wilkister alikuwa karaini, uso unang'aa jasho, na miguuni alikuwa na vile viatu vya mpira. Vya nyuma ya mlango. Aliona naviangalia. Upawa ukasimama hewani.

"Mzee, vyangu ni vya kanisa. Vinateleza."

Nikamwambia hivyo vinamtosha. Akageuka kwenye moto. Bila kuniangalia, akasema kesho atawaambia wale wa Kajiado watafute mtu mwingine.

Jumatatu, 11 Agosti

Stima imerudi. Wilkister amepiga simu Kajiado mbele yangu. Anabaki. Jane ametuma neno kwamba kikundi kinakuja Jumapili, na kingine cha kanisa jirani kinauliza kama kuna nafasi.

Leo nimekaa chini kwa utulivu na kuchunguza sababu, kama nilivyokuwa nikichunguza mnadani ng'ombe akipanda bei. Taa nyekundu hazikuwepo. Mapazia hayakuwepo. Udi haukuwepo. Utulivu, Mungu anisamehe, haukuwepo kabisa. Nikiondoa vyote hivyo, kinabaki kitu kimoja tu kilichokuwa kipya, kilichokuwa mlangoni, kikitazama moja kwa moja kwa Njuguna.

Joka!

Nimeenda kwa Masila kabla hajafungua. Nimemwagiza la pili, dume, ili la kwanza lisikae peke yake katika hali ile. Litakuwa na mabawa. Anasema mabawa ya tai bado anayo. Uso hataweza kuubadilisha.

Mapazia yamekauka, nimeyarudisha. Meza ya mviringo nimeirudisha nyuma, maana hapo kibarazani ndipo dume atakaposimama.

Viatu viko nyuma ya mlango. Leo vina unga.

Mchana nilimweleza Wilkister, kwa upole, kwamba hakuna haja tena ya kugonga karai, joka linaita wateja lenyewe na kelele inawapotezea watu umakini. Alichukua upawa. Kisha akaligonga karai mara mbili.

Nikasimama.

Masila anaanza mabawa kesho.